Kabla hujaniomba mfadhili wa kituo cha watoto

Ndugu zangu watazamaji, habari za nyumbani? Karibuni tena. Leo nazungumza na wewe uliyeniandikia, "Kaka, huko uliko watu wana moyo wa kutoa, tutafutie wafadhili na vijana wa kujitolea, tunafungua kituo cha yatima." Ujumbe wa namna hii naupata sana. Na huku nako, likizo ikikaribia, wanafunzi wa chuo wananifuata wakitaka kwenda kulea watoto kwa wiki mbili tatu. Nia ni njema pande zote mbili, sina shaka. Lakini mimi sitawaunganisha, na naomba mnisikilize nieleze kwa nini.

Kwanza, hao yatima. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilitoa ripoti iliyosema kwamba duniani, walau watoto wanne kati ya watano wanaoishi vituoni wana mzazi aliye hai, mmoja au wote wawili. Sasa kama mama yupo, mtoto kafikaje kituoni? Mara nyingi ni umaskini. Mama ameambiwa kule mwanao atakula, atasoma, atatibiwa, naye amekubali huku roho inamuuma. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo inayosema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Basi fedha tunazochanga ili ale akiwa mbali na mama yake, kwa nini zisimfikie akiwa kwao? Kituo kina mishahara, walinzi, jengo, umeme. Vyote hivyo vinalipwa kabla mtoto hajanunuliwa daftari.

Na fedha za wageni huvuta watoto. Tazameni Kambodia: kati ya 2005 na 2010 vituo viliongezeka kwa asilimia 75, wakati vita vya nchi ile vilikuwa vimekwisha. Waliokuwa wanaongezeka ni watalii na wafadhili. Kuna wazazi vijijini walioshawishiwa watoe watoto wao ili vitanda vijae.

Sasa nije kwa hawa wa kujitolea, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo panaponiuma zaidi. Mgeni akiingia kituoni, watoto wadogo wanamkimbilia, wanamng'ang'ania shingoni, hawataki kushuka. Yeye anarudi akisimulia jinsi walivyompenda. Ndugu zangu, mtoto aliyezoea mlezi mmoja hujificha nyuma ya mlezi wake akiona mtu mgeni. Anayemrukia kila anayepita huenda hana wa kumkimbilia. Na wiki mbili zikiisha yule aliyemzoea anaondoka, anakuja mwingine, naye anaondoka. Mtoto anaachwa tena na tena, na watu waliokuja kumsaidia.

Romania, baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka mwaka 1989, ilikutwa na watoto zaidi ya 100,000 katika taasisi za serikali. Miaka kadhaa baadaye watafiti walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika taasisi za namna hiyo jijini Bucharest. Baadhi walipelekwa kwenye familia za malezi, na waliofika huko kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walionufaika zaidi, akili zao na mahusiano yao na watu. Kwa mtoto mchanga, miezi tu ya kungoja ni hasara. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lenyewe lilionya kuhusu madhara ya kujitolea na utalii katika vituo vya yatima.

Kwa hiyo kijana wa huku akinifuata namuuliza: una ujuzi gani? Kama ni muuguzi au mtaalamu wa tiba ya viungo vya mwili, akawafundishe walezi na wahudumu wa afya wenyeji, ambao watabaki pale yeye akishaondoka. Kama hana ujuzi, abaki achangishe fedha. Hiyo nayo ni kazi ya maana.

Na wewe ambaye tayari una kituo, sikuambii ukifunge kesho. Ukiwatawanya watoto bila maandalizi utawaumiza. Rwanda tangu 2012 imekuwa ikiwarudisha watoto kwenye familia kwa mpango: wanatafutwa ndugu, familia inatembelewa na kuandaliwa, na mtoto akisharudi anafuatiliwa. Anza na faili la kila mtoto. Mshirikishe afisa wa ustawi wa jamii. Yupo shangazi? Yupo babu? Wanakwama wapi, ada au matibabu? Na kwa yule asiye na ndugu kabisa, tafuta familia ya kumlea.

Niandikie kwamba una watoto ishirini, unahitaji nauli ya kuwatafuta ndugu zao na msaada wa mwaka wa kwanza kwa familia zitakazowapokea. Barua hiyo nitaitembeza mwenyewe kwa kila mtu ninayemfahamu huku.