Apatimenti Masaki kwa laki nne? Kagua tovuti kabla hujatuma kodi

Haya wadau, karibuni. Leo tunatumia simu ya kawaida, siyo kompyuta, kwa sababu wengi mnatafuta nyumba mkiwa mmesimama kwenye mwendokasi. Kwenye skrini kuna tangazo: apatimenti Masaki, vyumba vitatu, fenicha zote ndani, jenereta, bwawa la kuogelea. Laki nne kwa mwezi, unalipa miezi sita, dalali hakuna. Mwenye nyumba yuko nje ya nchi, kwa hiyo hela unaiweka kwenye tovuti ya "wakala wa dhamana", halafu funguo zinaletwa.

Laki nne, Masaki, na bwawa. Tangazo hili limetengenezwa kwa ajili ya somo tu, tafadhali msije kwenye maoni kuuliza kama bado ipo.

Kazi ya kwanza ni kuipata anwani ya tovuti bila kuifungua. Linki imekuja WhatsApp. Usiiguse mguso mmoja. Weka kidole juu yake, kiache hapo, menyu itokee, chagua kunakili. Halafu nenda kwenye programu ya kuandikia notisi, bandika. Kidole kikiteleza ukurasa unafunguka, sasa usianze kubonyeza bonyeza humo ndani: funga, rudi, anza upya. Na usiijaze fomu hata kwa majaribio. Narudia, hata kwa majaribio, kwa sababu kurasa nyingine zinaweza kunasa unachoandika kabla hujabonyeza tuma.

Haya, tumebandika. Hapa ndipo tutakaa muda mrefu kidogo.

Anwani yetu ni hii: https://airbnb.com.malipo-salama.example/masaki/vyumba3. Mwishoni kuna neno "example" makusudi, maana mwisho huo umetengwa kwa mifano, hakuna tovuti ya kweli inayoishia hivyo. Sasa, hii ni tovuti ya nani? Wengi mtasema Airbnb. Siyo.

Fanya hivi. Ruka zile slashi mbili za mwanzo. Tafuta slashi moja inayofuata, hii hapa kabla ya "masaki". Weka kidole hapo. Kuanzia hapo soma kurudi kushoto: example, nukta, malipo-salama. Simama. Huyo ndiye mwenye tovuti. Kila kilichoko kushoto zaidi, pamoja na hiyo airbnb.com, mwenye malipo-salama anajiandikia anavyotaka. Ni sawa na kibanda cha Mbagala kilichopakwa rangi ukutani "Masaki Hotel". Kiwanja kiko palepale Mbagala.

Subirini, taa inapiga kwenye skrini, hamuoni kitu. Nasogeza... sasa hivi? Haya.

Anwani zetu nyingi za Tanzania zina kipande kimoja zaidi. Ikiishia .co.tz, hesabu vipande vitatu, maana co.tz ni ya wote waliosajili humo. Mwenye tovuti ni neno lililo kushoto ya co.tz. Na .go.tz ni ya serikali peke yake, mtu wa mtaani haipati. Ndiyo maana matapeli wanaipachika katikati: brela.go.tz.cheti-hakiki.example. Soma kutoka kulia. Umeona? Siyo BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Nasema tena: kutoka kulia, kuanzia slashi ya kwanza moja. Ukianza kushoto umeliwa.

Vitimbi vingine vya anwani ni vya haraka. Herufi r na n zikikaa pamoja zinafanana na m, kwa hiyo kuza maandishi. Kistari mahali pa nukta, kwa mfano "com-dhamana", ni jina jingine kabisa. Na anwani ukiibandika ikageuka kuanza na xn na vistari viwili, ina herufi zisizo za kawaida ndani yake. Kwa tovuti ya kupangisha nyumba Dar, hiyo achana nayo.

Kufuli je, ile alama kando ya anwani? Kufuli halikwambii kitu kuhusu uaminifu. Linasema mawasiliano yamefichwa njiani, basi, na cheti chake kinapatikana bure kwa dakika chache. Google waliliondoa kwenye Chrome mwaka 2023, sababu mojawapo ni kwamba watu walidhani ni muhuri wa uaminifu. Tuendelee.

Sasa umri wa tovuti. Jina likiishia .com, .net, .org na wenzake, nenda lookup.icann.org. Likiishia .tz, nenda tovuti ya wanaosimamia majina ya .tz, tafuta sehemu ya WHOIS, yaani ya kuangalia jina limesajiliwa lini. Andika jina tupu. Siyo https, siyo www, siyo maneno ya baada ya slashi. Ukibandika anwani nzima unaweza kuambiwa haipo, halafu unatangaza kwenye grupu la familia kwamba kampuni ni hewa kumbe umekosea kuandika.

Inazunguka... mtandao wa leo nao. Wakati tunasubiri: ukurasa utaleta tarehe tatu, na watu wanasoma isiyo yenyewe. Inayotakiwa ni ya kusajiliwa, imeandikwa "Created", "Creation Date" au "Registered". Siyo "Updated". Siyo "Changed". Siyo "Expires". Imekuja, tazama: mtu akisoma hii ya chini atasema tovuti itaishi hadi mwakani, kampuni imara. Hapana, hiyo ni siku ya kuisha malipo ya jina. Tafuta ya kusajiliwa. Ya kusajiliwa, wadau.

Kampuni inayosema "tunawahudumia Watanzania tangu 2009" ikiwa jina lake limesajiliwa wiki tano zilizopita, mjadala umeisha. Ikiwa ni la zamani, bado usishangilie, kwa sababu majina yaliyoachwa hununuliwa upya. Lipeleke web.archive.org uone lilikuwa linafanya nini zamani. Miaka mitatu mapishi ya keki, ghafla dhamana za nyumba? Kwaheri.

Picha. Hii sehemu ni tamu. Piga skrinshoti, kata nembo na maandishi yote ibaki sebule tupu, peleka Google Lens itafute picha zinazofanana. Usipopata kitu, igeuze picha kushoto kulia kwenye programu ya picha, tafuta tena, maana wanazigeuza ili zisipatikane. Halafu angalia soketi ukutani. Tanzania soketi zetu za kawaida ni zile za pini tatu nene za mstatili, kama za Uingereza. Ukiona matundu mawili membamba yaliyosimama na tundu dogo chini, hiyo sebule huenda iko Marekani, siyo Dar. Angalia dirishani: Dar nyumba ya chini isiyo na grili hata moja? Gari kwenye maegesho lina usukani kushoto? Kwenye picha zote kumi hakuna feni ya dari, hakuna kiyoyozi, na dirishani miti imepukutika majani? Kisha omba video fupi ya mita ya LUKU mlangoni, anayerekodi akitaja tarehe ya leo. Mwenye nyumba halisi atanung'unika lakini atamtuma mtu. Tapeli atakwambia mpangaji wa sasa hataki kusumbuliwa.

Kampuni: ingia mfumo wa usajili wa BRELA, tafuta jina. Linganisha jina herufi kwa herufi na tarehe ya kusajiliwa. Picha ya cheti uliyotumiwa WhatsApp haihesabiki, na picha ya kitambulisho cha NIDA ndiyo kabisa. Mara nyingi ni ya mtu aliyetapeliwa kabla yako. Na wewe usitume chako.

Sasa hiyo "dhamana". Kuna huduma ya kweli ya namna hiyo duniani: mtu wa tatu anashika hela, mnunuzi na muuzaji wakishakubaliana kwamba kitu kimepokelewa, anaiachia. Escrow.com ya Marekani iko tangu 1999, na ndiyo maana jina hilo linaigwa sana. Huduma ya kweli unaichagua na wewe, unaandika anwani yake mwenyewe, unafungua akaunti, masharti yote yanaonekana na pande zote mbili. Ya uongo unaletewa linki na yule yule anayetaka hela, akaunti imeshafunguliwa kwa niaba yako, na saa inahesabu kurudi nyuma: "dakika 29 kabla nyumba haijachukuliwa". Halafu tazama wanavyotaka kulipwa: namba ya simu ya mtu binafsi, Western Union, au sarafu za kidijitali. Wakala wa dhamana anayepokea kwa namba ya mtu binafsi ni sawa na benki inayoweka hela zako chini ya godoro la meneja.

Hapa nchini anayetaka kutoa huduma za malipo anahitaji leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya BoT. Wakikwambia hela inashikwa na wakili, chukua jina lake, lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, halafu nenda ofisini kwake kwa miguu yako.

Unapotuma kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Hapo simama. Soma jina. Lipa namba nayo inaonyesha jina. Tovuti inasema kampuni, jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, "huyo ni mhasibu wetu". Usiweke namba ya siri. Ukishaiweka, kazi inakuwa ya kukimbizana.

Ya mwisho haina skrini. Nenda. Wapo madalali wa kweli wanaotoza hela ya kuonyesha nyumba, unampa mko njiani, hiyo ni kawaida ya mji. Ukifika, mpite dalali, mtafute mjumbe au nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza nyumba hii ni ya nani. Kodi ilipwe kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba, mkataba usainiwe mbele ya mwenyekiti au wakili. Kama uko Mwanza unahamia Dar, mtume binamu yako, mpe nauli na soda.

Kama umeshatuma: piga 100 ya mtandao wako sasa hivi, siyo jioni, uwape namba ya muamala wazuie kabla haijatolewa. Kama ni benki, piga benki. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, watakujibu wakitaka namba iliyokutumia. Polisi unapeleka namba ya muamala, mazungumzo yote, na skrinshoti za tovuti, na hizi zipige leo leo maana kesho haitafunguka. Zipige huku anwani yote ikionekana pale juu. Watu wanapiga picha ya bwawa, anwani wanaikata. Anwani ionekane. Na wiki ijayo akikupigia mtu anayesema anaweza kukurudishia hela yako kwa ada ndogo, muulize kwanza namba yako ameipata wapi.