Liwali Aliyejitawaza

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Majemadari wa Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, nikiwataja wote tutakesha hapa, kwa hiyo usiku huu nimemchagua mmoja: Ptolemy mwana wa Lagus, Mmakedonia aliyekuja kutawala katika bara letu.

Juni 323 KK Alexander alifia Babeli, hajatimiza miaka 33. Nduguye Arrhidaeus hakuwa na akili timamu, na mwanawe alikuwa bado tumboni. Majemadari wakakubaliana kwamba wote wawili watakuwa wafalme, kisha wakagawana majimbo. Perdiccas akabaki mlezi wa ufalme, akidhani amepata fungu nono. Ptolemy akachukua Misri.

Alikwenda kama liwali. Watu wa pwani hamna haja ya kuelezwa neno hilo: liwali hutawala kwa jina la mwingine. Lakini Misri ilikuwa na jangwa kushoto na kulia, ngano isiyokwisha, na hazina ya talanta 8,000. Msimamizi wake, Cleomenes, Ptolemy alimwua. Fedha akaajiri nazo askari.

Sasa sikilizeni kisa cha maiti. Gari la kubebea mwili wa Alexander lilichukua takriban miaka miwili kutengenezwa. Kwa desturi ya Makedonia, anayemzika mfalme ndiye anayeonekana mrithi, na Perdiccas alitaka mazishi yafanyike kwao. Msafara ulipofika Shamu, Ptolemy akaupokea na jeshi lake, kwa heshima zote, akaugeuza njia mpaka Memphis, mji wa Misri. Baadaye mwili ukahamishiwa Iskanderia. Mimi huwa nacheka kila nikifika hapa: jeshi zima la kumlaki marehemu!

Perdiccas hakucheka. Aliingia Misri na jeshi kubwa, akajaribu kuvuka Mto Nile karibu na Memphis. Akapanga tembo upande wa juu wa mto wapunguze kasi ya maji, na farasi upande wa chini wawadake watakaosombwa. Hesabu nzuri, ila kwato na nyayo zilitifua mchanga wa chini, maji yakauchukua, na kina cha kivuko kikazidi. Waliokwisha vuka wakawa wachache mno kupigana, wakaamriwa warudi. Zaidi ya watu 2,000 walipotea, wengi wao wakaliwa na mamba. Usiku ule maofisa wa Perdiccas, Seleucus akiwamo, walimwingilia hemani wakamwua.

Ptolemy naye? Maiti zilizoelea hadi upande wake alizichoma moto kwa heshima, akawapelekea mifupa jamaa zao. Kisha akaingia kambini mwa adui na chakula. Wale askari walikuwa tayari kumpa ulezi wa ufalme wote. Akakataa, akawapendekeza wengine wawili. Wapo wanaosema ni unyenyekevu. Mimi sisemi hivyo. Alikwisha ona kiti kile kinavyomfanya mtu, akaona afadhali Misri yake.

Karibu na 310 KK, yule mtoto wa Alexander aliuawa pamoja na mama yake kwa amri ya Cassander, aliyekuwa ameishika Makedonia. Arrhidaeus naye alikuwa amekwisha kufa. Hapakuwa tena na mfalme wa kutawaliwa kwa jina lake. Hata hivyo makarani wa Misri waliendelea kuandika tarehe kwa miaka ya utawala wa marehemu yule, na liwali akaendelea kuitwa liwali.

Mwaka 306 KK Demetrius, mwana wa Antigonus, jemadari mwingine wa Alexander na hasimu wa Ptolemy, akazipiga merikebu za Ptolemy huko Salamis ya Kupro, kipigo kibaya sana. Kwa furaha, Antigonus akajifunga utepe wa kifalme kichwani, akampelekea na mwanawe mmoja. Ungetegemea aliyeshindwa ajifiche. Badala yake watu wa Ptolemy wakamtangaza naye mfalme, isionekane kwamba kipigo kimewavunja moyo. Ilipofika 304 KK mambo yalikuwa yamekwisha: Misri ina mfalme Mmakedonia, mtu wa miaka sitini na kitu.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo linalonifanya nimwamini kuwa alijua alichokuwa akikifanya tangu mwanzo. Alipokwisha kuwa mfalme, hati za Kigiriki za Misri hazikuhesabu miaka yake kuanzia siku ya kutawazwa. Zilihesabu kuanzia 323 KK, mwaka ule Alexander alipokata roho.