Tom Weir na Kilima cha Mita 142

Mabibi na mabwana, karibuni. Jioni ya leo namzungumzia Tom Weir, yule mtu mfupi wa kofia ya sufu aliyewapelekea Waskoti milima yao hadi sebuleni. Alizaliwa Springburn, Glasgow, tarehe 29 Desemba 1914, akafariki mwaka 2006. Kipindi chake, Weir's Way, kilianza kurushwa na STV, kituo cha televisheni cha Uskoti, mwaka 1976, naye ana miaka 61. Umri huo ndio siri ya kipindi. Kabla ya kusimama mbele ya kamera alikuwa amefanya kazi ya upimaji ramani, ameandikia jarida la Scots Magazine kwa miaka mingi, na mwaka 1950 amekwenda Himalaya pamoja na wapanda milima wenzake W. H. Murray, Douglas Scott na Tom MacKinnon. Hakuwa mtangazaji aliyepelekwa porini. Porini alikuwapo tangu zamani, televisheni ndiyo iliyomfuata.

Na mtu huyo wa Himalaya aliishi Gartocharn, kusini mwa ziwa la Loch Lomond, akawa hachoki kukipanda Duncryne, kilima cha mita 142 tu! Mimi naona urithi wake mkubwa uko hapo: kurudi mahali palepale mpaka upaelewe.

Ukiwa juu ya Duncryne, tazama kaskazini. Ziwa ni jembamba na lenye kina kirefu upande wa mbali, kisha linapanuka upande wako. Barafu ya kale ilipokuwa ikiteremka ilibanwa na miamba migumu ya kaskazini, ikachimba kwenda chini. Ilipofika kwenye mawe laini ya kusini ikatawanyika. Sasa fuata visiwa kwa jicho: Inchmurrin, Creinch, Torrinch, Inchcailloch, halafu mgongo wa Conic Hill nchi kavu. Vyote vimejipanga mstari mmoja, nao ndio ufa mkuu wa miamba unaotenganisha Nyanda za Juu na za Chini za Uskoti. Kuanzia Oktoba, elekeza darubini penye mdomo wa mto Endrick: mabata bukini wa Greenland huja kukaa huko majira ya baridi. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Ya mara 12 mkono ukitetemeka kidogo huoni kitu.

Mwaka 2000 John Muir Trust, shirika la kuhifadhi maeneo ya asili, ilimpa tuzo ya kazi ya maisha yake, na tarehe 29 Desemba 2014, miaka mia tangu kuzaliwa kwake, sanamu yake ilizinduliwa Balmaha, chini ya Conic Hill. Sanamu ni jambo jema, ila kazi yenyewe iko kwenye njia inayopanda nyuma yake.

Watu wengi wakipita mlimani, katikati ya njia hugeuka matope. Kila mmoja anakwepa pembeni, nyasi zinakufa, njia inapanuka, kisha mvua inaifanya korongo. Dawa ni kuyatoa maji kwanza, mawe baadaye. Mstari wa mawe ya kukatiza maji huwekwa mshazari, ukielekea mtaroni. Ukiuweka ukikata njia moja kwa moja bila mshazari, maji hupungua mwendo, yanaacha udongo nyuma ya mawe, na mvua chache baadaye yanaruka juu yake. Jiwe la kukanyagia nalo lizikwe sehemu kubwa ardhini, lishikwe na wenzake pande zote. Likiwekwa juujuu, baridi ikigandisha udongo litacheza, na mpandaji atalikwepa, umerudi ulikoanza.

Kwa mgeni anayepita, sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inakupa haki ya kutembea karibu kila mahali mradi uwe mwangalifu. Hema dogo, watu wachache, usiku mbili au tatu mahali pamoja, basi. Haja ndogo iwe angalau mita 30 kutoka majini. Haja kubwa ifukiwe mbali na njia, maji na mifugo, na tabaka la nyasi lirudishwe juu yake. Lakini kwenye sehemu kadhaa za ufuo wa Loch Lomond, kuanzia Machi hadi Septemba, hema linahitaji kibali, kwa sababu watu walizidi, wakakata miti mibichi kuwashia moto. Mwaloni mbichi hata hauwaki vizuri. Unatoa moshi tu.

Wenye nguvu na muda waulize vikundi vya kujitolea vya huko kuhusu kuzibua mitaro. Koleo moja, kabla ya mvua za vuli, na kuanzia juu kuja chini: ukianza chini, taka za juu zitaziba ulichokwisha safisha.