Ijumaa Mchana au Jumapili Usiku?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuna swali ambalo mimi na kaka Baraka tumelibishania tangu juzi: wiki ipangwe lini?

BARAKA: Mimi ni mtu wa Jumapili usiku, dada, miaka yote. Nyumba imetulia, simu imenyamaza, natoa daftari langu.

ZUHURA: Na usingizi?

BARAKA: Hapo ndipo penye shida. Nikishafunga daftari, kichwa ndiyo kinafunguka. Nakumbuka kuna mtu nilimwahidi ripoti, na sijui anaitaka Jumanne au Alhamisi. Saa nne usiku nitamuuliza nani?

ZUHURA: Basi hiyo ndiyo sababu iliyonihamishia Ijumaa, saa nane mchana. Mpango wa wiki umejaa maswali kwa watu wengine. Ijumaa wengi bado wako kazini: unauliza, unajibiwa, unaandika. Jumapili unaandika dhana, halafu Jumatatu unaanza kufuta.

BARAKA: Lakini Ijumaa mtu kachoka, dada Zuhura. Tuseme ukweli.

ZUHURA: Kachoka, ndiyo. Kwa hiyo usingoje saa kumi na moja, mkoba uko begani. Wakati huo hupangi, unahamisha viporo tu kutoka ukurasa huu kwenda ule. Saa nane, nusu saa, basi.

BARAKA: Viporo hivyo ndivyo vinavyoniamsha usiku.

ZUHURA: Jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliripoti kwamba watu walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa katikati kuliko walizomaliza. Kisha mwaka 2011 wanasaikolojia wengine, Masicampo na Baumeister, wakaonyesha kitu kinachonipa moyo sana: kazi ambayo haijaisha hupunguza kusumbua akili mtu akishaiwekea mpango mahsusi. Hata kabla hajaigusa!

BARAKA: Yaani kiporo kikipewa siku na saa yake, kinatulia.

ZUHURA: Eeh. Sasa piga hesabu. Ukikipa saa yake Ijumaa, unapumzika siku mbili. Ukingoja Jumapili usiku, umekibeba wikendi nzima.

BARAKA: Hapo umenigusa. Na Jumatatu asubuhi je?

ZUHURA: Siipendi. Simu ya kwanza ikilia, wiki imeshaanza kukupanga wewe.

BARAKA: Nami niongeze moja upande wako. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu tabia yetu ya kukadiria muda mfupi kuliko kazi inavyohitaji. Ijumaa bado unakumbuka kwamba ile kazi uliyoipangia asubuhi moja ilikula siku mbili. Ikifika Jumapili umeshajisamehe, unaandika tena "asubuhi moja".

ZUHURA: Kweli kabisa! Ndiyo maana mimi huandika kwanza muda halisi uliotumika, ndipo nipange mapya.

BARAKA: Ila niwatetee watu wa zamu. Muuguzi au mlinzi ambaye mapumziko yake ni Jumatano, Ijumaa inamhusu nini?

ZUHURA: Haimhusu. Yeye atafute zamu ya mwisho kabla ya mapumziko, achague saa ambayo kazi imepoa. Na wiki yenyewe haina mlango mmoja, kaka. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kinaanza kuhesabu Jumatatu, lakini Kiswahili chetu kinaanza Jumamosi. Mosi, pili, tatu.

BARAKA: Kumbe Jumatatu tayari ni siku ya tatu! Kwa hesabu hiyo, Ijumaa unapanga usiku wa kuamkia mwaka mpya.

ZUHURA: Umeona? Sasa utahama?

BARAKA: Nitajaribu wiki nne. Jumapili nitabaki na dakika kumi za kusoma nilichoandika, bila kalamu.

ZUHURA: Na Ijumaa ikivamiwa na dharura?

BARAKA: Nitapanga Alhamisi, saa ile ile.

ZUHURA: Sawa. Wiki ya nne nitakuuliza mambo yalivyokwenda.

BARAKA: Niulize kwanza kuhusu usingizi wa Jumapili.