Umeme ukikatika, vioo vinaangalia wapi?

(Mhadhara kwa vijana wa ufundi, Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaykum. Nashukuru kuitwa tena Chake, na wale waliokwishanisikia Unguja wanajua wapi nitaanza, watanisamehe, hili jambo nitalisema mpaka nione vijana wetu wanaliuliza wenyewe bila kusukumwa.

Leo sizungumzii paneli hizi za juu ya mapaa. Nazungumzia mitambo ya vioo, ile inayokusanya jua juu ya mnara au juu ya bomba, joto likachemsha maji, mvuke ukazungusha mashine. Mmeshasomeshwa, sirudii. Nnalotaka mlishike ni moja. Mtambo wa dizeli ukileta shida unafunga mafuta, moto umekufa, umemaliza. Jua hulifungi. Unachoweza kufanya ni kukigeuza kioo, na kioo hakigeuki mpaka mota ikizungushe, na mota inataka umeme. Sasa umeme ukikatika?

Sisi ndio wa kuuliza suali hilo kuliko watu wengine wote! Ndugu zetu wa Unguja 2008 walikaa kizani karibu mwezi mzima, halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisa waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara. Hakuna asiyejua jenereta iliyokaa miezi kwenye banda bila kuwashwa inafanya nini siku ya shida. Haiwaki. Betri imekufa, mafuta yamechafuka, na alokuwa na ufunguo kenda harusini.

Hebu kafanyeni jaribio hili nyumbani. Chukua kipande cha kioo, kama watoto wanavyomulikiana vichochoroni, kiegemeze kimulike ukuta halafu kiache. Kioo hakitikisiki lakini lile doa la mwanga linatembea, kwa sababu jua linatembea, digrii 15 kwa saa. Sasa pigeni hesabu ya kioo kilichoko mita 500 kutoka mnarani. Mota yake ikisimama, mwale unahama mita 2 na kidogo kwa kila dakika. Pale juu pana sehemu iliyotengenezwa kuhimili joto, mabomba yamepangwa kama ukuta, lakini juu yake na chini yake ni chuma cha kawaida, na waya, na vipimo, na ngazi anayopanda fundi. Basi dakika chache tu miale imeshahamia pasipotakiwa, na si mwale mmoja, ni maelfu ya vioo vimekwama pamoja. Nguvu ya jua pale miale inapokutana ni mara mia kadhaa ya jua hili lilotuchoma mchana wa leo, kwengine inakaribia mara elfu.

Na hapo sijataja pampu. Umeme ulosimamisha vioo umesimamisha na pampu pia, kwa hivyo ile chumvi iliyoyeyuka inayopita ndani ya mabomba ikichukua joto kwenda kuchemshia maji imesimama, na bomba lisilopita kitu chini ya joto lile halisubiri umtafute mwenye ufunguo. Ndio maana mitambo mingi ya chumvi ina tangi dogo kule juu, limebanwa kwa hewa, pampu zikifa linasukuma chumvi kwa kama dakika moja hivi. Dakika moja! Ndani ya hiyo vioo viwe vimeshaondoka, kwa umeme wa akiba. Umeme huo ukichelewa, lile tangi lote halikusaidii kitu.

Kuna mtu hapa, namuona anatabasamu, anasema moyoni haya yote yanafanywa na kompyuta, huyu mzee anatutisha bure. Haya, twende Marekani. Jangwa la Mojave, California, mtambo wa Ivanpah, minara mitatu, vioo zaidi ya 170,000 na kila kimoja kina vipande viwili, vyote vinaongozwa na kompyuta. Asubuhi ya tarehe 19 Mei 2016 baadhi ya vioo vya mnara mmoja vikaelekea pasipo pahala pake, mwanga ukapiga chini ya boila, waya zikaungua, moto ukashika kwenye kimo cha kama theluthi mbili ya mnara. Askari wa zima moto walipanda futi kama 300 kwa miguu, wanafika juu wafanyakazi wenyewe wameshauzima. Dakika kama 20 toka ulipoanza. Hakuna aloumia, alhamdulillahi, lakini tazameni: umeme ulikuwepo, kompyuta zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na bado mwanga ulipiga waya. Kompyuta inapeleka kioo pale inapodhani ndipo. Mota ikiteleza, kipimo kikidanganya, haina habari. Lazima awepo mtu anaeutazama ule mnara kwa kamera ya joto, na akiona doa pasipo pahala pake awe na ruhusa ya kubonyeza kitufe cha kuviondoa vioo vyote bila kumpigia simu bosi.

Ruhusa hiyo naisisitiza sana. Vioo vikiondoka mtambo umesimama na pesa zimesimama, kwa hivyo kijana wa zamu anaogopa. Anasubiri kidogo. Anapiga simu. Mita 2 kwa dakika, mkumbuke.

Na hata kuviondoa kuna njia yake, usivigeuze ovyo, maana mwale ukitoka kwenye mabomba unaweza kupita ubavuni mwa mnara ukaunguza unalotaka kuliokoa. Kila kioo kina njia yake ya hewani ilopangwa, kinatoka pembeni kwanza, kinangoja pahala pake palipo wazi, wala visikusanyike vyote nukta moja, kuna ndege wanapita pale na kuna marubani.

Najua suali jengine, huulizwa kila pahala: sisi huku hatuna mtambo kama huo, yanatuhusu nini? Kweli hatuna, wala sioni kama patakuwa nao. Vioo vinataka jua kavu la moja kwa moja, na mbingu yetu ina unyevu na mawingu, mwanga unatawanyika, hauelekezeki. Paneli zinatutosha. Lakini nyie mnakwenda wapi mkimaliza chuo? Dubai wana mnara wa mita 262, na vioo vya mabirika, vile vilivyopinda kama hori na bomba linapita katikati, jumla megawati 700. Oman kule Amal vioo vinatoa mvuke wa kusaidia kuyatoa mafuta ardhini. Morocco, Afrika Kusini. Mtoto wa Wete akipata kazi ya kuosha vioo leo, kesho ndie anaekaa kwenye zamu, sasa nani amwambie kama si sisi?

Muda umenitupa mkono, naona mwenyekiti anatazama saa. Chumvi basi, haraka. Ni nitrati, asilimia 60 ya sodiamu na 40 ya potasiamu, tangi la baridi lina nyuzijoto 290, la moto 565, na ikishuka kama 240 inaanza kuganda ndani ya bomba. Maji usiyasogeze karibu nayo, yanageuka mvuke ghafla na chumvi inaruka usoni. Matambara yenye mafuta pia weka mbali, nitrati inauchochea moto. Na matangi yanavuja: Crescent Dunes kule Nevada 2016, wakasimama miezi, na Noor III ya Ouarzazate, Morocco, 2024. Asubuhi kabla ya kujaza mabomba ya juu unayapasha kwa vioo vichache, vikizidi unaunguza bomba tupu, vikipungua chumvi inaganda, hilo peke yake lilitaka mhadhara wake.

Mitambo ya mabirika inatumia mafuta, mwisho wake nyuzijoto 400, na yanawaka. Daggett, California, 1999, tangi zima lilishika moto. Ukisikia harufu ya mafuta kwenye maungio usifunge kwa tambara ukaendelea, simamisha.

Macho sikuyagusa kabisa. Miwani ya kawaida haitoshi kwa mtu anaeutazama mnara, atakaetaka anifate nje nimueleze.

Sasa anaekwenda Ghuba mwezi ujao, mmoja nimeshaambiwa yupo humu. Siku ya mwanzo kazini usiulize mshahara unaingia lini. Uliza umeme wa akiba wa vioo ulijaribiwa lini, ulijaribiwa kwa vioo vyote au kwa vichache, na nani aliandika. Wakikuonesha karatasi, soma tarehe. Haya, maswali, wewe uliekaa karibu na mlango uliinua mkono zamani.