Mota ya bakteria hujitengeneza upya ikiwa inazunguka

Asanteni kwa kunikaribisha. Nitamzungumzia bakteria mmoja tu, Escherichia coli, anayeishi kwenye utumbo wa kila mmoja wetu humu ukumbini. Ana urefu wa mikromita 2 hivi, na mwilini ameota flajela kadhaa, nyuzi nyembamba ndefu kuliko yeye mwenyewe. Wengi walidhani nyuzi hizo hupungapunga. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson wakatoa hoja kwamba zinazunguka. Mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon wakawanasisha bakteria kwenye kioo kwa flajela zao. Flajela imeshikwa, haiwezi kuzunguka. Basi mwili mzima ukawa unazunguka, mara upande huu, mara ule!

Kwenye shina la kila flajela kuna mota ya protini, upana wake nanomita 45 hivi, inayoendeshwa na protoni zinazoingia ndani ya seli. Mota zikizunguka kinyume cha saa, flajela hujikusanya fungu moja na bakteria huenda mbele. Zikigeuka, fungu hutawanyika, anabiringika kidogo, kisha anashika njia nyingine yoyote. Hachagui njia, anachoweza ni kurefusha safari pale chakula kinapozidi.

Chakula kikipungua, vipokezi vya kwenye utando huamsha protini CheA, nayo hubandika fosfeti kwenye protini nyingine, CheY. CheY hiyo huenda kushika pete iliyo chini ya mota, mota ikageuka. Baadaye vimeng'enya CheR na CheB hurekebisha vipokezi kwa kubandika na kubandua methili, vikundi vidogo vya kemikali, na bakteria anarudia mwendo wake wa kawaida, tayari kwa ishara nyingine.

Hayo tumeyafundisha miaka mingi. Linalonishangaza mimi hadi leo lilitoka mwaka 2012, maabara ya Berg, Harvard. Mota ni nyepesi mno kugeuka: CheY ikipanda au ikishuka kidogo tu, mota inahamia upande mmoja moja kwa moja. Sasa seli ambayo CheY yake imekaa chini itaishije? Junhua Yuan na wenzake walichukua seli zisizo na CheR wala CheB, ambazo vipokezi vyake haviwezi kuzoea, wakazipa kemikali ya kuzivutia. CheY yenye fosfeti ikashuka, na mota zikaacha kabisa kugeuka kufuata saa. Wakasubiri. Polepole zikaanza tena kugeuka, ilhali CheY yenye fosfeti ilibaki chini vilevile.

Kilichobadilika ni mota. Pete yake imejengwa kwa vipande vya protini FliM, na CheY ilipopungua, pete iliongeza vipande kutoka akiba iliyomo ndani ya seli, ikapata mahali pengi zaidi pa kushikwa na CheY ile chache. Fikirini: mtambo unaongezewa vipuri huku unazunguka, mizunguko mingi kwa sekunde, wala hausimami. Vipokezi huzoea upesi. Mota hufuata taratibu, kwa dakika. Na sehemu zinazoisukuma nazo huongezeka mzigo unapozidi, hadi 11 kwa mota moja.