Kusoma Majibu ya Damu ya Farasi

Karibuni. Majibu ya damu ya farasi wetu haya hapa, tuyasome pamoja. Masaisi mnaoshinda mabandani, leo nasema nanyi hasa, maana ninyi ndio mnaojua farasi alikuwa katika hali gani sindano ilipoingia.

Kwanza itazameni chupa hii ya kizibo cha zambarau. Imekaa kidogo tu, na tayari chembe nyekundu zimezama, juu yamebaki maji ya manjano. Msishtuke. Damu ya farasi hujitenga upesi, na umanjano huo ni wa asili. Ipindueni taratibu mara kadhaa kabla ya kupimwa, msiitikise.

Sasa karatasi. Anzeni na PCV, asilimia ya chembe nyekundu. Kwa farasi wa mbio aliyetulia, tarajieni kati ya 32 na 48 hivi. Huyu ana 56. Kaishiwa maji? Ngojeni. Bandama ya farasi huweka akiba kubwa ya chembe nyekundu, na akishtuka au akikimbia, akiba hiyo humwagika kwenye damu kwa dakika chache. Je, alitoka mazoezini? Alipigana na kamba wakati wa kudungwa? Teremkeni kwenye protini. Nayo ikiwa juu, huenda kweli amekauka. Ikiwa sawa, mwacheni atulie, damu itolewe upya.

Ikiwa PCV ni 20, mwiteni daktari leo hii. Huku kwetu kwenye kupe, ataomba damu itazamwe kwa darubini kutafuta Theileria na Babesia, vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe.

Bilirubini, rangi ya manjano ya damu inayosafishwa na ini, ndiyo inayowatisha wengi. Farasi hana mfuko wa nyongo, na akikosa kula hata kwa siku moja bilirubini hupanda. Ulizeni kama alikula, tena mtazame GGT, kimeng'enya cha ini, kabla ya kulilaumu ini.

Misuli ina mistari miwili, CK na AST, vimeng'enya vinavyovuja misuli ikiumia. CK hupanda ndani ya saa chache na kushuka baada ya siku mbili tatu. AST, ambayo hutoka pia kwenye ini, huchelewa, kisha hukaa juu hata wiki mbili. AST juu na CK sawa: kama ini ni zima, misuli iliumia siku zilizopita na inapona. Zote juu: mpumzisheni, daktari amwone.

WBC, hesabu ya chembe nyeupe, ikiwa sawa, maambukizi bado yanaweza kuwapo. Ombeni na SAA, protini inayoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini, ambayo hupanda siku ileile.

Mkipeleka damu nyingine, andikeni kwenye fomu saa iliyotolewa, mara ya mwisho alipokula, mazoezi aliyofanya, na joto lake la asubuhi.